Kilomita 5 za Mtwara, zilivyoonekana kutoka mkiani

Sifa nyingi nilizosoma za zile mbio za hisani za hapa mjini zimeandikwa na watu waliomaliza mapema. Wao walikuta maji, wakavishwa medali, wakapiga picha na mgeni rasmi, wakaenda zao. Mimi na somo yangu tulikuwa wa mwisho kabisa katika kilomita 5, kwa hiyo tuliyoyaona ni mengine. Nayaandika kwa ajili ya yule anayefikiria kutoa shilingi 20,000 zake wakati hajakimbia tangu mchakamchaka wa shule ya msingi.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Mimi ni fundi cherehani, miaka 43, kutwa nzima niko juu ya stuli. Mwanzoni mwa mwaka nilipimwa presha ikasoma 150 kwa 95, daktari akasema nianze kuutingisha mwili kwanza, mambo ya vidonge tutaongea baadaye. Somo yangu anauza samaki. Tuna jina moja, ndiyo maana tunaitana hivyo. Yeye hana presha wala nini, aliingia kwenye shughuli hii ili mimi nisipate pa kutorokea.

Tulijifua wiki nane, alfajiri baada ya swala, kwenye barabara ya kuteremkia Shangani. Saa hatuna, kwa hiyo tulihesabu nguzo za umeme: nguzo moja mbio, nguzo mbili mwendo. Ilipofika wiki ya tano tukawa tunakwenda moja kwa moja. Vijana wa jogingi walikuwa wanatupita wakiimba, wakifika usawa wetu wanapunguza sauti kwa heshima kama wanapita msibani.

Kujisajili hakuna shida. Unalipa kwa simu, ujumbe unakuja, basi. Shida inaanza siku ya kuchukua fulana. Foleni moja, dirisha moja, na saizi zilizobaki ni mbili tu, kubwa na kubwa zaidi. Mimi nilitosha. Somo yangu ni mwembamba kama ufito, ile fulana ilimfika magotini. Nikaenda nayo dukani nikaipunguza ubavuni na mabegani, kazi ya nusu saa.

Na hapa mniruhusu kidogo, maana hii ndiyo kazi yangu. Kitambaa ni kizuri. Ni ile polista nyepesi yenye vitobo, ukilowa jasho haing'ang'anii mgongoni na inakauka upesi, tofauti na pamba ambayo ikilowa unaburuta ndoo ya maji. Shingo wameikaza vizuri. Lakini aliyepiga ovaloki alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, kwani mishono ya kwapani ameiachia mikia ya uzi, migumu, karibu inchi nzima. Ukiigusa kwa kidole huoni kitu. Kimbia nayo dakika 20 mkono ukienda mbele na nyuma, utajua. Za kwetu nilizikata nikachoma ncha kwa kiberiti, na bado tulipaka mafuta ya mgando kwapani. Dada mmoja tuliyekutana naye mwisho alikuwa anatembea mikono ameiachanisha na mwili kama bata mzinga. Chapa ya kifuani nayo ilianza kupasuka nilipoifua mara ya pili.

Wenye kuvaa ushungi msikimbie na mtandio wa kawaida. Somo yangu nilimshonea wa kuvaa kichwani kwa kipande cha kitambaa cha jezi kilichobaki kwenye oda ya timu moja ya mtaani, hakumwambia mtu, na nimeshapata oda nne.

Siku yenyewe tuliambiwa kuwapo uwanja wa Nangwanda Sijaona saa 11 na nusu alfajiri, mbio zianze saa 12 kamili. Tulifika. Kila namba ilitoka na pini mbili badala ya nne, kwa hiyo namba za watu zilikuwa zinapeperuka kama kanga kwenye kamba. Mimi kopo langu la pini halitoki kwenye mkoba. Ndani ya robo saa nikawa nimepata foleni ndefu kuliko ya waandaaji, nabandika namba vifuani mwa watu nisiowajua, na mzee mmoja akaniuliza kama mimi ndiye kamati.

Mshehereshaji alikuwa anapiga kelele "Mtwara!" watu wanajibu "Kuchele!" Basi, kuchele ni kumekucha, na wakati ule nyota zilikuwa bado zinaonekana. Kulipokucha kweli mgeni rasmi alikuwa hajafika. Tulianza saa 12 na dakika 55. Kwa mkimbiaji mzoefu dakika 55 si kitu. Kwa mtu wa mkiani ni lile jua utakalokutana nalo kilomita ya nne, maana wewe ndiye utakayekuwa barabarani bado. Bahati yetu ulikuwa msimu wa kusi na upepo ulikuwa unapuliza.

Tena walituachia wote karibu kwa mpigo: wa kilomita 21, wa 10, na sisi. Muziki ukapanda, watu wakachomoka, na mimi nikasahau nguzo zangu zote. Nilikimbia kama miaka yangu ni 15. Nyuma namsikia somo yangu anaita, "Somo! Somo! Kwani umeiba?" Sikusikia la mtu. Kabla ya kilomita ya pili kichomi kikanishika chini ya mbavu za kulia, nikasimama nimeinama, na watoto wawili pekupeku, wasio na namba wala fulana, wakanipita wanacheka. Somo yangu alinikuta pale pale. Hakunisema. Aliniambia nitoe pumzi kwa nguvu, nikandamize mkono hapo panapouma, kisha akaonyesha mbele kwa kidevu: "Nguzo ile. Mpaka ile tu."

Kipande cha Shangani ndicho kilichonifanya nisijute. Bahari iko pale, maji yamekupwa, kina mama wako mbali kabisa kwenye mwamba wameinama wanatafuta pweza, upepo unakupiga usoni. Meza ya maji ilikuwa hapo, na vijana walioisimamia niwasifu: chupa walishazifungua vizibo kabla hujafika, wanakimbia na wewe hatua tatu nne wakikupa. Hapo nilidhani shughuli hii imeandaliwa na watu wenye akili.

Meza ya pili, iliyoahidiwa kilomita ya nne, tulikuta alama yake tu, yaani chupa tupu zimetapakaa barabarani. Meza imeondoka na watu wake. Waelekezaji wenye vizibao vya njano nao wameondoka. Tulifika njia panda upande wa Ligula hakuna mtu, hakuna kamba, hakuna mshale. Tukachagua kulia. Tulikwenda hatua kama 200 tukamkuta bibi ameweka sinia la ming'oko iliyochemshwa, vile viazi vya porini vya huku kwetu, na chumvi yake na pilipili pembeni. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, akatutazama namba, akasema, "Wajukuu zangu, wenzenu wamekata kushoto zamani." Akatumiminia maji kwenye kikombe cha bati, kimoja kwa wawili. Pesa akakataa. Baada ya wiki nilirudi nikanunua ming'oko ya shilingi 2,000, akanipa ya 3,000.

Tulimaliza kwa dakika 58, pamoja na ule upotevu. Tulivuka mstari tumeshikana mikono ili asiwepo mshindi kati yetu. Septemba 2025 mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alimpita Mjerumani kule Tokyo kwa sekunde 0.03 akaleta dhahabu ya marathoni ya dunia, na mimi ile video nimeitazama mara nyingi, lakini sisi tusingeweza kuvumilia mjadala wa namna hiyo sokoni. Wakati tunavuka, lile geti la kujaza upepo lilikuwa linatolewa upepo. Liliinama polepole juu yetu mpaka somo yangu ikabidi aliinue kwa mkono nipite. Mshehereshaji alikuwa anakunja waya za spika. Alituona, akaweka waya chini, akatupigia makofi peke yake. Hilo nimelihesabu.

Medali zilikuwa zimekwisha. Wakaandika namba zetu za simu kwenye daftari. Matunda yalikuwapo, machungwa na ndizi, na muuguzi wa huduma ya kwanza hakuwa ameondoka hata baada ya watu wote, alinipima presha bila kuulizwa: 138 kwa 86, na hapo nimetoka kukimbia.

Kwa mtu mpya, mimi nasema nenda, lakini nenda na mwenzako mwenye mwendo wako, beba maji yako, na ujue njia kabla, ipite hata kwa bajaji jana yake. Bei nayo ni kubwa kwa watu walioishiwa maji. Wangewaachia wa kilomita 5 watangulie, na yule mwelekezaji wa njia panda wangemwambia asiondoke mpaka amwone mtu wa mwisho kwa macho yake, nisingekuwa na la kulalamika zaidi ya uzi wa kwapani.

Siku ya 11 walipiga simu kuhusu medali. Tukaenda wote wawili. Ilikuwa moja. Tuliwaambia namba ni mbili na malipo ni mawili, wakasema nyingine itakuja, na mpaka leo haijaja. Wiki hii iko kwake, ameitundika kwenye mzani wa samaki. Jumatatu nakwenda kuichukua, niioshe kwanza.