Vifaa vya dharura vya matembezi ya mlimani: uzoefu wangu

Kama una fedha za kununua vitu vitatu tu kabla hujapanda mlima kwenda na kurudi siku hiyohiyo, nunua mfuko wa dharura, taa ya kichwani na filimbi. Vyote nimevitumia kwenye mvua, ukungu na upepo mkali. Orodha ya vitu kumi iliyoanza miaka ya 1930 katika chama cha wapanda milima cha The Mountaineers, kule Seattle, ni nzuri na mimi huifuata, lakini hivi vitatu ndivyo ninavyoona watu wengi wakiviacha nyumbani kwa kuwa "tutarudi mapema".

Naanza na mfuko. Wengi hununua blanketi la dharura, lile jembamba linalong'aa, la plastiki iliyopakwa alumini. Chimbuko lake ni NASA mwaka 1964, na kweli hurudisha sehemu kubwa ya joto linalotoka mwilini. Tatizo ni upepo. Ukivuma, blanketi linapepea na kupiga kelele, likipata tundu dogo linachanika lote, nawe unabaki umelishikilia kwa mikono miwili wakati mikono hiyo ina kazi nyingine. Mtu aliyevunjika mkono hawezi kabisa. Mfuko ni karatasi ileile, ila umezibwa pande zote kasoro mdomo. Unaingia mpaka shingoni na upepo hauna pa kupenya. Kasoro yake ni jasho: mvuke haupati njia, nguo za ndani zinalowa, kwa hiyo mimi huacha mdomo wazi kidogo. Na hata mfuko hauzuii baridi ya ardhi. Kaa juu ya begi au majani makavu, usikae juu ya jiwe tupu.

Haya si mambo ya kilele chenye theluji peke yake. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, na fulana ya pamba ikishalowa haikutunzii joto tena. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kuchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hatakumbuka kufungua begi. Vaa koti na uingie mfukoni mapema, ungali unajisikia vizuri.

Taa ya kichwani: angalia kwanza kama ina kufuli ya swichi. Bila kufuli hujiwasha yenyewe ndani ya begi, na giza likiingia betri imeshakwisha. Mwanga wa lumeni 200 umenitosha kabisa kwenye njia zenye mawe. Fedha za kuongeza mwanga ziende kwenye betri za akiba, hasa za lithiamu, ambazo huvumilia baridi kuliko za alkali. Tochi ya simu siihesabu. Inachukua mkono mmoja na inamaliza chaji ya simu utakayohitaji kuombea msaada.

Filimbi ni ndogo na nyepesi, na ndiyo ninayoisisitizia zaidi kwa anayepanda na watoto. Chukua isiyo na gololi ndani, maana gololi hukwama ikilowa au ikiganda. Filimbi nyingi zinazokuja kwenye mkanda wa kifuani wa begi nimezijaribu, na sauti yake ni hafifu mno. Ishara ya milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, kisha unanyamaza dakika moja, unarudia. Anayekujibu hupiga 3. Amerika Kaskazini milio 3 yenyewe ndiyo huomba msaada, basi ulizia kabla hujapanda.

Vile visanduku vya "kujiokoa" vyenye ndoana, msumeno wa waya na dira ya ukubwa wa kifungo sivipendekezi. Dira ya namna hiyo niliwahi kuilinganisha na dira kamili, kila moja ikaelekea kwake.