Kifuniko cha meza ya ufundi: kipi kinunuliwe kwanza?

Anayetengeneza redio, mikoba ya ngozi au ndege za kuchezea mezani ana maadui watatu: solda ya moto (madini yanayoyeyushwa kuunganisha nyaya), kisu na gundi. Hakuna kifuniko kimoja kinachowaweza wote. Kwa hiyo nunua tandiko la msingi kwanza, mengine yakae juu yake.

1. Hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 3

Inaongoza kwa sababu ikichakaa unaing'oa na kuweka nyingine. Shiti ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vinne vya futi 4 kwa 2. Kampala, anzia kwa wauza mbao wa Ndeeba, na omba ukatiwe hapo hapo.

Tatizo lake ni unyevu. Mvua za Machi hadi Mei zikifika, ukiwa umepaka vanishi juu tu, upande wa chini hunyonya na kipande hujipinda katikati. Kilaze chumbani siku mbili, kisha paka mikono miwili ya vanishi juu, chini na kwenye kingo (kingo ndizo zinazonyonya zaidi), ukipiga msasa namba 240 kati ya mkono na mkono. Funga kwa skrubu sita fupi za kichwa bapa, ukitoboa kwanza na kuzamisha vichwa. Usitumie gundi: siku ya kubadilisha utang'oa na uso wa meza.

2. Mkeka wa silikoni

Kwa solda, huu ndio. Sentimita 30 kwa 40 zinatosha. Matone ya solda hayashiki, ila usilaze juu yake ncha ya chuma cha kuyeyushia solda yenye nyuzi 350, wala usikatie hapo. Silikoni huchanika upesi. Kama unafungua simu, tafuta mkeka wa kuzuia umeme tuli wenye kamba ya mkononi iliyo na rezista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme) ya megaohmu 1. Usipofungwa kwenye eathi (waya unaopeleka umeme ardhini) haufanyi kazi, na soketi yenye matundu matatu si ushahidi kwamba waya wa eathi upo. Fundi umeme apime.

3. Mkeka wa kukatia wa PVC (aina ya plastiki)

Saizi ya A3 yafaa wengi. Kisu hakitelezi, na mikwaruzo midogo hujifunga. Kikombe cha chai ya moto huupinda, na ni nadra unyooke tena. Solda isiukaribie kabisa: PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi.

4. Kioo cha milimita 6

Kizuri kwa rangi na gundi, maana wembe hukwangua kila kitu. Lakini hufanya kisu kiwe butu, na nyundo ikianguka umekipoteza. Kingo zisagwe dukani.

Vitambaa vya plastiki vya mezani tumeviacha nje. Kisu hupita moja kwa moja hadi kwenye mbao. Kwa gundi ya epoksi pekee, tandika kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki): gundi ikikauka hubanduka kwa mkono.