QWERTY au Dvorak: mpangilio upi unamfaa anayeandika Kiswahili?

Andika "nilimlilia" kwenye kibodi ya kawaida, yaani QWERTY. Herufi tisa mfululizo ni za mkono wa kulia. Wa kushoto unangoja mpaka mwisho, ndipo kidole kidogo kibonyeze a moja tu. Ukiandika kurasa kumi kwa siku, mkono wa kulia utakwambia.

Dvorak, uliopewa hataza Marekani mwaka 1936, umepanga irabu zote tano kwenye mstari wa katikati, upande wa kushoto: a, o, e, u, i. Silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, kwa hiyo mikono inapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Jaribu "ninawatunza" uone.

Lakini k imenikatisha tamaa. Iko kushoto, mstari wa chini, na kidole cha shahada kinachoibonyeza ndicho hicho hicho cha u na i. Basi "kuku" yote inaandikwa kwa kidole kimoja, na ku- na ki- tunazitumia kila sentensi!

Windows na macOS tayari zina Dvorak, hununui kitu. Gharama yake ni wiki kadhaa za kuandika polepole, kisha unakwenda kwenye kompyuta ya ofisini au ya steshenari unakuta QWERTY.

Mimi nabaki na QWERTY, ila kwa vidole vyote kumi, macho yakiwa kwenye skrini. Vile vinundu vidogo juu ya F na J vimewekwa ili vidole vya shahada vijue nyumbani ni wapi.