Mafuta ya simsim ya soko la Lamu: chupa ipi ununue, ipi uiache

Mafuta ya simsim yanayouzwa kwenye chupa za nusu lita katika soko lililo kando ya Ngome ya Lamu ni mazuri sana, ila hutegemea ni nani aliyekamua na aliyasubiri kwa muda gani. Yaliyokamuliwa bila kukaanga mbegu huwa na rangi ya dhahabu hafifu, harufu ya simsim mbichi, na uchungu mwembamba unaobaki ulimini. Yakiwa ya kahawia, mbegu zilikaangwa kwanza. Hayo ni ya kutia matone kwenye chakula kilichokwisha iva, na kwa kumkandia mzazi hayafai. Harufu ni kali mno.

Kasoro kubwa ni haraka ya kuchuja. Mafuta yakitoka mashineni huwa na chembe za maganda pamoja na unyevu. Sharti yatulie siku 3 hadi 7 katika chombo kilichofunikwa, kisha yamiminwe polepole kupitia kitambaa safi cha pamba, mashapo yaachwe chini. Kabla ya kulipa, pindua chupa taratibu. Tope la kijivu likipanda kutoka chini, irudishe. Simsim ina kinga yake ya asili ya kutochacha upesi, lakini mashapo yenye unyevu huishinda kinga hiyo, na chupa nzima hunuka. Chupa angavu iliyopangwa juani pia iache, hata kama imechujwa vizuri.

Kuna na ya kuchanganya. Nusu ya uzito wa mbegu, au karibu yake, ni mafuta, lakini mashine ndogo haiyatoi yote: lita 1 hutaka takriban kilo 2.5 hadi 3 za simsim. Basi uliza bei ya kilo ya simsim palepale sokoni, uizidishe mara 3. Lita ikiuzwa chini sana ya hapo, kuna kitu kimetiwa ndani. Mara nyingi ni mafuta ya mawese ya kupimia. Weka kidogo kwenye friji usiku kucha: simsim safi hubaki majimaji, mawese huganda meupe chini. Yakichanganywa na ya alizeti friji haitakuonyesha, hapo utegemee pua na ile hesabu ya bei.

Usiyakaangie mahamri. Mafuta yasiyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi karibu na joto hilohilo la kukaangia, na ladha yote huungua. Yatumie kulainishia kitunguu kwa moto mdogo, kumpaka samaki kabla ya kuchoma, au kupaka sinia la kashata lisigande. Mgeni akija mezani mwambie mna simsim, kwani wapo inaowadhuru vibaya.

Nyumbani hamishia kwenye chupa ya kioo cheusi iliyokauka kabisa, ujaze hadi shingoni, uweke mbali na jiko.