Usiangalie Rangi, Angalia Mshono: Matangi Matatu ya Kompresa Ndogo

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina matangi matatu ya kompresa ndogo. Hili jekundu ni la lita 24, jipya. Hili la buluu ni la lita 50, jipya pia, na rangi yake inang'aa kuliko yote. La tatu, hili la kijani, ni la lita 50 na limeshatumika. Mota na pampu leo tunaziacha. Mota ikifa inanyamaza tu, lakini tangi likipasuka linaua, kwa hiyo leo tunaangalia weldi.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaiona presha ya baa 8 kuwa ni kitu kidogo. Chukua tangi lenye kipenyo cha sentimita 30. Kwa baa 8, kila kifuniko cha mwisho kinasukumwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa tani 5.7 hivi. Nguvu hiyo yote imeshikwa na mshono wa duara peke yake, yaani weldi inayounganisha kifuniko na tangi. Na bado mshono wa duara una nafuu: huu mwingine, uliolala kwa urefu wa tangi, unabeba mkazo mara mbili ya ule. Ndiyo maana tangi likichoka huachia kwa urefu, kama shati linavyoachia mshono wa mgongoni. Ukiwa na nafasi ya kukagua sehemu moja tu, kagua huo wa urefu.

Sasa njoo karibu. Zima taa ya juu, shika tochi, ilaze chini ili mwanga utambae juu ya bati. Kwenye hili jekundu unaona mstari mmoja, upana uleule toka mwanzo hadi mwisho, mawimbi madogo yamepangana, na kingo za weldi zimeyeyukia ndani ya bati bila ngazi. Hii imechomelewa na mashine. Vifuniko vyake vimebinuka kama bakuli, na mshono wa urefu umewekwa pembeni, mbali na tumbo la chini ambako maji hutulia. Miguu haijachomelewa moja kwa moja kwenye tangi. Kuna kiraka cha bati katikati chenye kona za mviringo. Aliyelitengeneza alijua anachofanya.

Hamia kwenye buluu. Kwa mbali linapendeza. Pitisha kidole cha gumba kando ya mshono wa urefu, taratibu. Umekisikia kijifereji hapo? Hicho ni bati lililoliwa na moto: umeme ulikuwa mkubwa mno au mkono ulikimbia, chuma kikayeyuka ukingoni na weldi haikurudi kukijaza. Kama bati lilikuwa milimita 2 na kijifereji kina nusu milimita, robo ya unene imekwenda, tena mahali penye mkazo mkubwa kuliko pote. Hapa mbele weldi imekaa juu ya bati kama kamba iliyolazwa, kingo zake zimeviringana. Hiyo haijashika, imeegemea tu. Na pale mwisho, mchomeleaji alipong'oa elektrodi, ameacha kishimo. Nyufa hupenda kuanzia hapo.

Kuna kitu kingine, na hiki kinanikera kweli. Sehemu hii mshono umepotea kabisa, pako laini kama kioo. Sumaku ndogo ya friji inanata kila mahali isipokuwa hapa, inateleza. Maana yake chini ya rangi kuna puti. Mtu amesaga weldi kwa grenda mpaka ikawa sawa na bati, akapaka puti, akapuliza rangi. Kusaga kumepunguza unene, na puti haishiki presha yoyote.

Kifuniko cha nyuma ndicho kinachonimaliza: ni bapa, kipande cha bati kilichokatwa duara na kuchomelewa kwa nje tu. Kifuniko bapa hupinda kila tangi linapojaa na hurudi likimwagwa. Kila kujaza ni kupinda mara moja, na kupinda kote kunaishia kwenye kona ya weldi, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatika. Hata weldi ingekuwa nzuri, umbo hili nisingelikubali.

Kibao cha taarifa nacho kisomwe. La jekundu lina herufi PS (presha ya juu kabisa inayoruhusiwa) na baa 10, lita 24, nambari ya tangi, mwaka, viwango vya joto vya chini na juu, na kiwango cha Ulaya, EN 286-1. Matangi ya Marekani mara nyingi utakuta alama ya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha huko. Buluu lina stika tu. Stika inachapwa popote, lakini hata kibao kizuri kisikuzuie kutumia tochi.

Valvu ya usalama: namba iliyogongwa juu yake isizidi PS ya tangi. Swichi ya presha ikikata kwenye baa 8 na tangi ni la baa 10, valvu ikae katikati hapo. Pasiwe na koki yoyote kati yake na tangi. Vuta pete presha ikiwepo, uso ukiwa pembeni: itoe hewa kwa nguvu, kisha ifunge yenyewe. Ikikwama, badilisha, usiifungue kuisafisha.

Ukitilia shaka mshono, kuna dawa za kopo za kutafutia nyufa: nyekundu inayopenya, kisafishio, na nyeupe inayoifichua nyekundu. Ondoa rangi kwa brashi ya waya (grenda usiitumie, inasukuma chuma kikaziba mdomo wa ufa), safisha kwa thina, acha pakauke. Puliza ile nyekundu, subiri dakika 10 hadi 20. Futa kwa kitambaa kilicholowanishwa kisafishio. Usipulizie kisafishio kwenye mshono, kitaosha na rangi iliyoingia ndani. Kisha puliza ile nyeupe. Mstari mwekundu ukijitokeza, huo ni ufa. Nukta nukta ni vitundu.

Kupima nguvu hufanywa kwa maji, kamwe si kwa hewa. Hewa hujibana kama springi na huachia yote kwa mara moja. Maji karibu hayabanwi, bati likifunguka presha inaanguka papo hapo. Inua tangi sokete (tundu lenye nyuzi la kufungia vifaa) iwe juu kabisa, jaza mpaka hewa yote itoke, maana hata mfuko mdogo wa hewa unarudisha hatari. Pima mzunguko wa tangi kwa utepe. Panda polepole kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya PS, yaani baa 15 kwa tangi la baa 10, ukiwa umesimama mbali na vifuniko. Shusha, pima tena. Mzunguko ukiwa umeongezeka, bati limevutika na halirudi. Tangi hilo limekwisha.

Sasa kijani, lililotumika. Mishono yake ni mizuri, ya mashine. Lakini hewa iliyobanwa ikipoa huacha maji, na koki ya chini haikufunguliwa. Nimeingiza kamera ndogo kwenye sokete: tumbo la chini limejaa mabaka ya kutu na vishimo. Nje, karibu na mguu, povu la sabuni linatoa kiputo kimoja kila baada ya sekunde chache. Fundi yeyote atakwambia "ni tundu la sindano, tuzibe kwa weldi." Usikubali. Tundu limetokea pale bati lilipokuwa jembamba kuliko pote, na pembeni yake pote ni karibu hivyohivyo. Moto wa weldi utayeyusha wembamba huo, utaacha ukingo mgumu, na kutu ya ndani itabaki palepale.

Jekundu nalipitisha. Buluu na kijani hayarudi kazini. Kabla ya kuyapeleka kwenye chuma chakavu, hakikisha hayana presha, kisha toboa tundu kubwa la drili katikati ya kila moja, ili asije mtu akayaokota, akayapaka rangi na kuyauza tena.