Benki ya Ubongo ya Uholanzi: tathmini ya mkwe wa mchangiaji

Mama mkwe wangu aliugua Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoathiri mwendo wa mwili, kwa miaka kumi na moja, na akiwa bado na akili timamu alijisajili katika Benki ya Ubongo ya Uholanzi iliyoko Amsterdam, ambayo huhifadhi ubongo wa marehemu kwa ajili ya utafiti, hivyo alipofariki usiku wa manane simu ya kwanza tuliwapigia wao, kabla ya ndugu. Ninaandika kwa sababu Waswahili wenzangu huku Ulaya huniuliza, kwa sauti ya chini, kama maiti hurudishwa ikiwa imeharibiwa. Haiharibiwi. Tulirudishiwa mama siku iliyofuata, gharama za gari wakiwa wamezilipa wao, na nilipomchana nywele ndipo vidole vyangu vilipogusa mshono mwembamba nyuma ya kichwa, ambao hakuna mfiwa aliyeuona alipokuwa amelala kwenye jeneza.

Benki hii iliasisiwa na mtaalamu wa ubongo wa Uholanzi, Dick Swaab, mwaka 1985 na imekwisha kupokea ubongo wa watu zaidi ya 4,000. Ninachokisifu zaidi ni wepesi wao. Moyo ukisimama, seli za ubongo hukosa oksijeni, asidi huongezeka na RNA, yaani molekuli inayobeba maagizo ya jeni ndani ya seli, na ambayo watafiti wengi huihitaji, huanza kuvunjika. Kwa hiyo zamu yao haifungwi usiku wala sikukuu, na hujitahidi ubongo uwe umetolewa katika saa chache tu baada ya kifo. Maji yanayouzunguka ubongo huvutwa na kupimwa asidi, kwani asidi nyingi huashiria kwamba marehemu alisumbuka kwa muda mrefu kabla ya kukata roho, jambo linalopunguza ubora wa tishu. Kisha ubongo hukatwa sehemu kwa sehemu. Vipande vingine hugandishwa mara moja na kutunzwa katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Vingine hulowekwa katika formalini, kemikali ya kuzuia kuoza, ambayo huhifadhi vizuri umbo la seli lakini huharibu RNA, kisha huzamishwa katika nta ya parafini ili vikatwe vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini.

Kasoro tuliyoipata ilitoka kwa kampuni ya mazishi, ambayo dereva wake alichelewa karibu saa mbili kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kila dakika ina thamani. Waelezeni mapema, kwa maandishi. Jueni pia kwamba kujiandikisha kutoa figo au moyo hakuhusishi ubongo kwa utafiti; usajili wake ni wa peke yake, na fomu hutiwa saini na mchangiaji mwenyewe.

Linalonisikitisha ni kwamba tishu zilizomo katika benki nyingi za namna hii ni za watu wenye asili ya Ulaya, ilhali maradhi ya kusahau yanawapata wazee wetu vilevile. Mwezi uliofuata nilijaza fomu yangu. Sina ugonjwa wowote wa ubongo, nao wanahitaji sana ubongo wa watu wa namna hiyo, ili wapate wa kulinganisha na ule wa mama.