Unatamani pioni Dar es Salaam? Nunua hizi badala yake, kwa mpangilio huu

Kila msimu wa harusi ukianza, ndugu na majirani huniuliza swali moja: yale maua makubwa ya pinki kwenye meza ya maharusi, yenye petali zilizofungana kama kabichi, nitapata wapi mche wake nipande nyumbani? Yanaitwa pioni. Na yale ya ukumbini mara nyingi ni ya kitambaa, yametoka Kariakoo.

Natoa jibu mapema ili usipoteze hela: pioni hai haikai Dar es Salaam. Tatizo si mbolea wala mkono wa mpandaji. Mmea huu umezoea nchi zenye baridi kali, kama China ya kaskazini na Siberia. Kila mwaka majani yake hufa yote, mzizi ukalala ardhini kwa wiki nyingi katika baridi iliyo karibu na barafu, na baridi hiyo ndiyo inayoyaamsha macho ya mzizi yatoe maua msimu unaofuata. Huku kwetu hata usiku wa Julai joto huzunguka nyuzi 18 hivi. Mzizi haulali, na usipolala hautoi ua.

Najua kwa sababu nilijaribu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia mizizi mitatu akaniahidi kwamba ni "aina ya joto". Nikaiweka kwenye friji wiki nane ndani ya mboji yenye unyevu, kisha nikaipanda kwenye ndoo, kivulini, nyumbani Tegeta. Mmoja ulichipua majani manne mekundu, mazuri kiasi kwamba niliwaita watoto waje kuyaona. Masika yalipokolea, uliozea kwenye udongo. Niliuchimbua nikakuta mzizi umelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na iliniuma sana. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hata zile aina zinazovumilia joto kidogo bado zinahitaji baridi yao ya kila mwaka. Friji ya mara moja haitoshi, na usiku wetu wa joto huendelea kuumaliza mzizi nguvu.

Mbegu nazo usinunue, hasa zile za picha za pioni za bluu. Hakuna pioni ya bluu duniani. Hata mbegu halali, katika nchi inayozifaa, huanza kwa kutoa mzizi, husubiri baridi ndipo zitoe jani, na ua la kwanza huja baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ukifikiria kuagiza mizizi mwenyewe kutoka nje, ujue mimea haiingii nchini kama nguo: inahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka kule inakotoka.

Basi jiulize ulipenda nini kwenye pioni. Wengi ninaowauliza hutaja mambo matatu: ua lililojaa, harufu, na mmea unaodumu miaka. Kwa vigezo hivyo, na kwa udongo wetu wa mchanga na maji yetu ya visima, hivi ndivyo ninavyoipanga.

Ya kwanza: asmini

Naiweka juu bila kusita. Joto letu ndilo inalolipenda, inadumu miaka mingi, na jioni inapofungua maua, uwanja mzima unanukia. Wanawake wa pwani wamesukia vikuba vyao kwa asmini, rehani na mkadi tangu enzi za bibi zetu, kwa hiyo hununui mmea mgeni, unarudisha nyumbani kilicho chako. Ipo asmini ya kawaida ya petali chache, na ipo ya tabaka, ambayo kila ua ni kama waridi dogo jeupe lililofumbwa. Ukiipata ya tabaka, ichukue. Ukiwa na mtu anayelilia pioni, hiyo ndiyo ya kumpelekea. Ila ya kawaida huchanua kwa wingi zaidi, na kwa kikuba ndiyo ninayoichagua.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Utaambiwa, "Dada, hii asmini orijino kabisa," halafu unapewa malkia wa usiku. Nao hunukia usiku, tena kwa ukali wa kuumiza kichwa, lakini ni mmea mwingine kabisa, na una sumu. Tazama majani: ya asmini ni mapana, yamekaa mawiliwili, jani likitazamana na jani kwenye kijiti. Ya malkia wa usiku ni marefu, membamba, yanapishana, moja huku moja kule. Ua la asmini ni jeupe pe. La malkia wa usiku ni kibomba chembamba cha kijani kibichi kilichopauka. Kama mche hauna ua hata moja na muuzaji hataki uyachunguze majani, nenda kwa wa pili.

Ipe jua kwa muda wa saa sita kila siku. Kila maua yakipungua, punguza ncha za matawi, kwa kuwa maua mapya hutoka kwenye machipukizi mapya. Isichokipenda ni chumvi. Ukiona kingo za majani zinakauka kama zimeunguzwa na juu ya chungu kumeganda ukoko mweupe, maji ya kisima chako ndiyo yanayoiumiza. Kinga maji ya mvua, au umwagilie ya bomba, na mara moja moja mwagilia mengi mpaka yachuruzike chini ili yaisafishe ile chumvi.

Ya pili: haibiskasi ya tabaka

Kwa sura, hakuna inayoikaribia pioni kuliko hii. Zipo za pinki, nyekundu, manjano na za rangi ya pichi, petali zimejaa mpaka katikati, ua moja linajaza kiganja. Kasoro yake ni kwamba ua hudumu siku moja tu, pengine mbili, halafu linajikunja. Lakini mmea wenye afya hutoa jipya kila kukicha, mwaka mzima, jambo ambalo pioni yenyewe haiwezi: huko kwao huchanua wiki chache tu kwa mwaka, kisha basi. Harufu haina kabisa. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya miche miwili, panda haibiskasi kwa macho na asmini kwa pua, jirani.

Adui wake mkubwa ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaojibanza kwenye ncha za matawi. Kabla hujalipa, geuza majani ya juu uangalie chini yake na kwenye maungio. Ukimwona mmoja, usiununue mche huo hata ukipunguziwa bei, kwa sababu utakwenda kuiambukiza mipapai na mimea yako yote. Wakikukuta ukiwa tayari nyumbani, kata ncha zilizoshikwa uzichome, kisha nyunyizia maji yenye sabuni kidogo jioni, urudie kila baada ya siku chache.

Ya tatu: waridi la jangwani

Hili ni la mwenye baraza au roshani, asiye na udongo wa kuchimba. Kiko kitako kinene kama kichupa, matawi mafupi, na maua ya pinki yanayovutia. Siku hizi kuna yaliyobebeshwa, yaani yaliyounganishwa kwenye shina la mche mwingine, yenye petali za tabaka mbili au tatu. Ni mmea wa kwetu, humea porini katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki, na Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hutumia utomvu wake kutengeneza sumu ya mishale. Kwa hiyo vaa glovu unapoukata, na usiuweke mahali mtoto anapoweza kutafuna jani.

Bonyeza kitako kwa kidole kabla ya kununua. Kikiwa kigumu, sawa. Kikibonyea, huenda mzizi umeshaoza, uache. Mwagilia udongo ukikauka kabisa, na wakati wa masika usogeze chini ya paa. Huu ndio mmea ambao watu huua kwa kuupenda sana.

Ya nne: bogenvilia

Ngumu, rahisi, haijali chumvi wala ukame, na miba yake hulinda ukuta. Ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo katikati. Ukiimwagilia kila siku itatoa majani mengi na rangi kidogo, kwa hiyo ikaushe kidogo. Inabaki ya nne kwa sababu hainukii na haina lile umbo la duara lililojaa.

Ya tano: waridi lenyewe

Wengi watashangaa kuliona chini hivi. Nalipenda, na ukijumlisha sura na harufu pamoja, ndilo linaloikaribia pioni zaidi katika orodha hii. Lakini unyevu wa pwani huliletea madoa meusi ya majani, kiangazi huliletea utitiri mwekundu, na mawaridi mazuri mengi unayoyaona hapa mjini yamekulia nyanda za baridi kama Arusha. Huteremshwa yakiwa yamechanua vizuri, unayanunua, baada ya miezi miwili yanabaki vijiti. Ukilitaka kwa dhati, muulize mwenye kitalu mche umekaa Dar muda gani. Unaotoa machipukizi mapya mekundu hapa hapa, kwa joto hili hili, ndio wa kuchukua, hata kama hauna ua siku hiyo. Upande penye upepo, mwagilia chini kwenye shina na si juu ya majani, tena asubuhi.

Iksora sijaipa nafasi. Ni nzuri kwa uzio mfupi, ila Masaki, Oysterbay na kokote kwenye udongo wa mawe ya matumbawe majani yake hugeuka manjano, kwa sababu inataka udongo wenye asidi.

Namna ya kununua

Vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo vina miche mingi, na bei hufuata ukubwa wa kiriba na umri wa mche kuliko uzuri wa ua. Kwa kawaida bogenvilia na asmini ya kawaida ndizo za bei nafuu, na waridi la jangwani la kubebeshwa ndilo la juu. Nenda asubuhi, kabla jua halijainyong'onyeza mimea na kabla muuzaji hajaimwagilia ikaonekana yote imara. Shika shina karibu na udongo ulivute taratibu sana. Likicheza kama jino bovu, mche umehamishwa kwenye kiriba jana au juzi, mizizi haijashika. Kiriba chenye mizizi michache inayochungulia chini ni dalili njema. Kilichozungukwa na mizizi kama kamba kimekaa humo muda mrefu mno.

Nunua Machi mwanzoni, masika yakikaribia, au Oktoba kabla ya vuli, mvua ikusaidie kumwagilia. Mchanga wetu haushiki maji, kwa hiyo chimba shimo pana mara mbili ya kiriba, uchanganye na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Na pioni? Kama una ndugu anayeishi nchi ya baridi, mwombe akupandie. Dada yangu yuko Uingereza, nimemnunulia mzizi mmoja kama zawadi. Aupande majira ya majani kupukutika, penye jua, na macho ya mzizi yasifukiwe zaidi ya sentimita 5, kwa maana ukiwekwa chini sana hutoa majani bila maua. Asishtuke akiona sisimizi kwenye vikonyo vya maua, wanafuata utamu tu, hawadhuru. Asiuhamishe hamishe pia. Mwaka wa kwanza na wa pili unaweza kukaa kimya, lakini ukishashika, pioni huishi miaka 50 na zaidi mahali pale pale. Wake una macho manne. Picha ya ua la kwanza naisubiri kwa hamu.